Saa Iliyohukumiwa kwa Picha

Kabla ya saa ya Mwololo kumrudia, Waringa alikuwa tayari amezichoka saa zote. Kwa miaka tisa alikuwa mmoja wa wasimamizi wawili wa kundi la mtandaoni lililoitwa Saa Kuukuu Nairobi, na kazi yake huko, ambayo hakulipwa hata senti, ilikuwa kusema ukweli kuhusu vitu vya watu. Mtu akiweka picha ya saa ya zamani aliyotaka kuuza au kununua, hakuna aliyetaja bei kabla Waringa hajasema. Yeye ndiye aliyeamua kama ni halisi au imechezewa, na kama ni halisi, ina thamani gani. Walimwandikia akiwa kanisani. Walimwandikia akiwa kwenye matanga ya shangazi yake kule Limuru, na mmoja wao, alipoambiwa yuko matangani, alijibu: pole sana madam, lakini niangalizie tu hiyo moja.

Kazi iliyompa mshahara ilikuwa Upper Hill, katika kampuni ya bima, ghorofa ya tisa, ambako alikagua madai ya watu walioibiwa au kuunguliwa. Huko ndiko alikojifunzia saa. Mteja alidai ameporwa saa ya dhahabu, Waringa akatumwa kuchunguza kama kweli ilikuwa ya dhahabu, na akajikuta amependa. Zamani alipenda. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, macho yakimuuma kila jioni, binti yake yuko chuoni Eldoret, na akifika nyumbani Uthiru alikuta maswali arobaini yakimngoja kwenye simu.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, akila chapati na dengu mezani pake ofisini, alipokea ujumbe kutoka kwa mwanachama mmoja aitwaye Janice. Ulikuwa na kiungo cha mnada wa mtandaoni wa Ulaya na maneno machache: "Madam, hii si ile ya mwaka jana?"

Waringa alifungua. Ilikuwa Omega ya chuma, ya miaka ya sitini, uso wake rangi ya maziwa iliyoanza kuwa kama chai pembeni. Chini ya jina la kiwanda palikuwa na herufi ndogo nyeusi: VIRCHAND NAIROBI. Karibu na namba nne chuma kilikuwa na mkwaruzo mfupi uliopinda kama alama ya ukucha. Aliukumbuka mkwaruzo huo. Alisoma maelezo mara mbili. Yalisema kwamba duka moja la Nairobi lilikuwa likipiga jina lake lenyewe kwenye saa lilizouza, kwamba zilizobaki ni chache mno, na kwamba kule kuinama kidogo kwa herufi ndiko wanakokutafuta wakusanyaji. Saa ilikuwa imeshauzwa. Alipoigeuza bei kuwa shilingi, ilikuwa laki sita na elfu arobaini.

Aliisukuma sahani pembeni.

Miezi kumi na minne nyuma, mtu aitwaye Mwololo alikuwa ameweka picha tatu za saa hiyo kwenye kundi. Aliandika: "Habari zenu. Hii ni saa ya marehemu baba. Siuzi, nataka tu kujua." Siku hiyo Waringa alikuwa kwenye foleni ya dawa na mamake, Parklands, mamake akiegemea bega lake. Aliikuza picha kwa vidole viwili. Akaona herufi za jina la duka zimelala upande, na upande wa kulia zimeshuka. Kiwanda cha Uswisi hakikosei hivyo. Akaandika kwamba uso umepakwa rangi upya na fundi wa mtaani, kwamba jina la duka limeongezwa baadaye ili kuipandisha bei, na kwamba jinsi ilivyo ni ya elfu nane. Mwisho akaweka neno pole. Yote hayo yalimchukua dakika mbili, na mfamasia akawaita.

Watu wengi walipoambiwa hivyo walimtukana. Mwololo alijibu tu, "Asante madam. Bora kujua." Siku mbili baadaye aliandika tena kwamba sasa anaiuza, na mtu aitwaye Macharia akaichukua kwa elfu nane na mia tano.

Alasiri ile Waringa alijaribu kukagua dai la duka la viatu lililoungua Gikomba, lakini alisoma ukurasa mmoja kwa saa nzima. Alitamani wa Ulaya wawe ndio waliokosea. Wanaokosea wapo, hata huko. Kwa hivyo Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku. Alikuwa amepiga simu tatu akiuliza kama kuna mtu wa familia ya Virchand aliyebaki mjini, na simu ya tatu ikamwelekeza kwenye fleti moja ya Parklands, nyuma ya hekalu la Kihindu, orofa ya pili.

Aliyemfungulia ni mzee mwembamba aliyevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali. Aliitwa Jayantilal, alikuwa na miaka themanini na mmoja, na alikuwa kitinda mimba wa yule Virchand mwenyewe. Alimkaribisha, akamwekea chai ya maziwa na kisahani cha chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya chumvi na pilipili, kisha akaichukua simu ya Waringa na kuipeleka dirishani. Aliitazama ile picha kwa lenzi. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Hii ni mkono yangu," alisema.

"Mkono wako vipi, Mzee?"

"Mimi ndiye nilipiga hii. Tulikuwa na bamba ya chuma, jina imechongwa ndani. Unapaka wino, unafuta, unakandamiza mpira laini juu ya bamba, halafu juu ya saa. Baba akipiga inasimama sawa. Mimi nikipiga inalala. Alinigombeza mpaka akachoka. Lakini macho yake ilikuwa imeharibika, na ndugu zangu wamekwenda London, atafanya nini?"

"Mlipiga ngapi?"

"Sijui. Mia moja, mia mbili. Kisha kiwanda kikaandika barua tuache, tukaacha."

Waringa alikishika kikombe bila kunywa. "Kwa hivyo ni halisi."

Mzee alimgeukia kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Ilitoka dukani ikiwa hivyo. Mtu akalipa, akavaa, akaenda nyumbani. Wewe unataka halisi gani ingine? Nani alikuambia si halisi?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye niliyesema."

Jayantilal alisukuma kile kisahani cha chevda kuelekea kwake. "Kula kidogo," alisema.

Kutoka Parklands Waringa alikwenda moja kwa moja mjini, Biashara Street, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine ambalo alikuwa amelikataa moyoni tangu Jumanne. Katika zile picha za mnada, moja ilionyesha mgongo wa saa, na saa ililazwa juu ya kitambaa cha kijani chenye doa la chai lililofanana na kiatu cha mtoto. Waringa alikuwa amekaa mbele ya doa hilo mara nyingi mno. Kitambaa kile kilikuwa cha Kihara.

Kihara ndiye aliyekuwa msimamizi mwenzake wa kundi. Alinunua na kuuza saa katika chumba kidogo juu ya duka la vitambaa, na katika miaka yote hiyo tisa ndiye pekee ambaye Waringa alimpigia simu akiwa na shaka. Alimkuta akisafisha miwani yake.

"Niaje, Waringa. Leo umenikumbuka."

"Kihara, Macharia ni nani yako?"

Hakuuliza Macharia gani. Alivaa miwani polepole. "Ni ndugu ya bibi yangu."

"Ulijua ile saa ni halisi?"

"Nilishuku. Kushuku si kujua."

"Ungeniambia."

"Nikuambie saa ngapi? Ulikuwa ushaandika mbele ya watu elfu kumi na moja. Kwa grupu nikupinge? Thuo alikupinga kwa grupu, ulimfanya nini?"

Thuo alikuwa mwanachama wa siku nyingi aliyebishana na Waringa kuhusu mishale ya saa moja ya Kirusi. Kwa kweli Thuo ndiye aliyekuwa amekosea. Lakini Waringa hakuwa amemwondoa kwa sababu ya kukosea. Alimwondoa kwa sababu hakuwa na nguvu za kuendelea kubishana.

"Ungenipigia simu," alisema. "Mimi na wewe tu."

"Ningekupigia." Kihara alitazama mikono yake. "Nilishika simu, Waringa, sikudanganyi. Kisha nikafikiria, mimi pia nina watoto. Nililipa bei uliyosema wewe, na mia tano juu. Si yangu. Ingekuwa feki ningekula hasara, na hakuna mtu angenihurumia."

"Mwenyewe alisema haiuzi. Aliiuza kwa sababu yangu."

"Basi unaona." Alisema hivyo bila ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Umechoka. Kila mtu anaona umechoka. Chukua likizo, mimi nitashika kundi."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Mwambie. Atafanya nini nayo?"

Waringa alishuka ngazi akipita kati ya mabunda ya vitambaa, na huko barabarani alisimama kwa muda kando ya ukuta kabla ya kukumbuka alikokuwa akielekea.

Nambari ya Mwololo ilikuwa bado kwenye lile tangazo la zamani. Alipopiga, sauti ya upande wa pili ilikuwa na mwangwi. Alikuwa ndani ya shimo la lifti, Westlands. Alikuwa fundi wa lifti. Waringa alijitambulisha na kusema ana jambo kuhusu saa ya babake ambalo hawezi kulisema kwa simu. Mwololo akasema, "Kuja Jumamosi, saa nane. Niko Kangemi, karibu na shule."

Nyumba ilikuwa ya mawe, ya mwisho kwenye ploti, mbele yake sukuma wiki zilizopandwa ndani ya magunia. Mwololo alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono iliyoingia grisi mpaka kwenye mistari ya viganja. Alimwonyesha kiti. Kwenye kochi la pembeni mamake, bibi mmoja mdogo wa mwili aitwaye Ngina, alikuwa akichambua pojo kwenye ungo. Waringa alimwamkia, na bibi akaitikia bila kuinua kichwa.

Waringa alikuwa amejipanga njiani jinsi ya kusema. Alipofika akayasahau yote, akasema tu: "Nilikosea. Saa ya mzee ilikuwa halisi. Kila kitu chake. Jina la duka lilipigwa na duka lenyewe. Nimemwona aliyelipiga."

Mwololo alimtazama. "Halisi."

"Ndiyo."

"Wewe uliandika feki. Uliandika mtu aliongeza jina ndio ipande bei."

"Niliandika. Niliangalia picha dakika mbili."

"Ni ya pesa ngapi?"

Alimwambia. Alimwambia pia iliuzwa wapi, na nani aliyeiuza, na kwamba huyo nani alikuwa rafiki yake. Mwololo aliinuka, akatoka nje, akasimama mlangoni akiwapa mgongo. Pojo ziliendelea kumiminika taratibu kwenye ungo. Baada ya muda mrefu alirudi na kuketi, uso wake umebadilika rangi.

"Wacha nikuambie kitu, madam. Pesa ni pesa, na hiyo nitaiumia, siwezi kudanganya. Lakini kuna ingine. Baba yangu, Kimanzi, alikuwa karani wa posta. Kila Krismasi alitusimulia hiyo saa. Vile aliweka akiba mwaka mzima, vile aliingia duka ya Government Road akiwa na kiatu ya kuazima, akalipa pesa taslimu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hiyo ndiyo hadithi yake peke yake. Siku ya mazishi mimi ndiye niliisoma mbele ya watu. Halafu nikakuja kwa kundi yenu, nikasoma yako." Alijipangusa paji la uso kwa mkono. "Nikasema, kumbe mzee alinunua kwa mchuuzi, akatudanganya miaka yote. Nikaona aibu kwa vile nilisoma mbele ya kanisa nzima. Ndiyo nikaiuza. Nilitaka itoke hapa ndani."

"Na ukaniambia mimi," Ngina alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea. Aliweka ungo chini kwenye zulia.

"Mama," Mwololo alisema.

"Ulikuja hapa na simu, ukaniambia, mama, mzee alikuwa mwongo. Nikakuambia si mwongo. Ukaniambia, mama, huyu ni mtaalamu." Alimgeukia Waringa, na macho yake hayakuwa na hasira nyingi kama Waringa alivyotarajia, yalikuwa yamechoka tu. "Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na Ndanu mgongoni, dada yake huyu, ana miezi mitano. Tulisimamishwa mlangoni mpaka Wazungu wakaisha. Kimanzi alihesabu noti mara mbili. Mimi nilikuwepo, na hakuna mtu aliniuliza. Huyu hakuniuliza. Wewe hukuniuliza."

"Sikujua kama upo, Mama," Waringa alisema.

"Ungeuliza kama kuna mtu."

Waringa aliinamisha kichwa. Kwa miaka tisa alikuwa amewaambia watu waweke picha tatu: ya uso, ya mgongo na ya mashine ya ndani. Hakuwahi kuwaambia waandike nani alikuwepo.

"Nisamehe," alisema, na hapo machozi yakamtoka, jambo ambalo hakulipanga na hakulitaka. Aliyafuta kwa upande wa kiganja chake. Hakuna aliyemwambia asilie. Baada ya muda Ngina aliinuka kwa shida, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha uji.

"Kunywa," alisema. "Halafu uandike."

"Niandike nini?"

"Ulivyoandika ile ya uongo. Sasa andika ya kweli, kwa karatasi, na jina yako na tarehe. Simu sitaki."

Mwololo alimtafutia karatasi kwenye daftari la kazi. Waringa aliandika kama alivyoandika ripoti za ofisini, kwa sababu hakujua namna nyingine: kwamba saa ya Kimanzi, aliyokuwa nayo tangu mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na saba, mwaka aliotajiwa na Ngina, ilikuwa halisi yote, kwamba ilinunuliwa dukani kwa Virchand, Government Road, kwamba yeye Waringa aliihukumu vibaya kwa kutazama picha. Alipomaliza alimsomea Ngina kwa sauti.

"Bado," bibi alisema. "Ongeza kwamba nilikuwepo."

Akaongeza. Akatia sahihi. Ngina aliikunja karatasi mara nne na kuiweka ndani ya Biblia ya Kikamba iliyokuwa juu ya kabati.

Mwololo alimsindikiza mpaka Waiyaki Way. Walitembea bila kuongea, wakipisha mikokoteni ya maji. Walipofika barabarani alisema, "Madam, sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakupigia."

"Sawa," Waringa alisema. "Hiyo ni haki yako."

Jumapili baada ya ibada aliandika kwenye kundi. Alieleza saa ilikuwa gani, alisema nini, ukweli ni upi, na akaweka mbele ya watu jina la aliyeinunua na la aliyeiuza Ulaya. Alimwomba Thuo msamaha pia, ingawa Thuo hakuwemo tena. Majibu yalianza kumiminika. Kuna waliompongeza. Kuna waliouliza ni saa ngapi nyingine zao amezikosea kwa miaka tisa, na hilo lilikuwa swali la haki. Kabla hajamaliza kusoma, kundi likatoweka kwenye simu yake: Kihara alikuwa amemwondoa.

Alidhani angehisi wepesi. Hakuhisi. Alifua nguo, akapika wali, akalala saa mbili usiku, na asubuhi akaamka na uchovu uleule. Wiki nyingi zilipita hivyo. Simu ilinyamaza, na ilipolia mara mojamoja, mtu akiomba amtazamie saa, alimjibu kwamba hatazami tena picha. Aiweke mfukoni, aje na mtu anayeijua, wakae waongee. Wengi hawakuja.

Mwezi wa kumi na moja Mwololo alipiga. Hakutaja msamaha. Aliuliza kama yule mzee wa Parklands anapokea wageni, kwa maana mama hana raha mpaka amwone. Waringa aliwapeleka Jumamosi. Jayantilal aliwafungulia akiwa na sweta ileile, akawatolea chai na chevda, na dakika kumi hazikupita kabla yeye na Ngina hawajaanza kubishana. Ngina alisema mlango wa duka ulikuwa wa buluu. Mzee alisema haujawahi kuwa wa buluu, ulikuwa wa kijani, yeye ndiye aliyeupaka. Ngina akasema alisimama mbele yake muda wa kutosha kuijua rangi yake. Mzee akainua mikono, akasema pole kwa kuwasimamisha, baba alikuwa na tabia hiyo, na hata yeye hakuipenda. Ngina akasema amesikia, lakini mlango ulikuwa wa buluu.

Waringa alikuwa kwenye kiti cha pembeni karibu na dirisha, jua likimpiga magotini. Wazee wale wawili waliendelea, mmoja akitaja bei ya sukari ya mwaka ule, mwingine akiikataa. Kope zake zikawa nzito. Alijaribu kusikiliza, akashindwa, akalala palepale na kikombe mkononi. Mwololo alikitoa kile kikombe taratibu kabla hakijamwagika, akakiweka mezani, akawaambia wazee wapunguze sauti kidogo.